Kiti cha Upande wa Dirisha

Jikoni kwetu Kutaisi kuna viti vinne,
na cha upande wa dirisha kina mguu mbovu.
Hicho ndicho mama huwakaribishia wageni wangu.
"Kaa hapo, baba, pana mwanga," husema,
kisha anarudi kwenye jozi zake,
anazivunja kwa nyundo, moja moja,
kwa utulivu wa mtu anayehesabu deni la mwenziwe.

Wa kwanza aliitwa Badri.
Kiti kikayumba, akacheka, akahamia kingine.
Mlango ulipofungwa, mama akapuliza maganda mezani:
"Asiyevumilia kiti, atakuvumilia wewe?"
Nilikuwa na miaka ishirini na sita.
Badri alikuwa na mikono ya joto na pikipiki ya kuazima.
Nilimwacha kabla zabibu hazijavunwa,
nikamwambia sababu ni pikipiki.

Wa pili, Ramaz, fundi wa lifti.
Alirudi kesho yake na gundi na msumari.
Nikajua, huyu ndiye.
Mama akamwandalia mkate wa mahindi, jibini, mchuzi wa plamu,
akamsindikiza kwa sifa hadi chini ya ngazi.
Usiku, nikisuuza vikombe:
"Anayetengeneza kila akionacho,
siku moja atakutazama na wewe hivyo hivyo."
Tangu hapo kila Ramaz aliponinyooshea kola
nilisikia msumari ukiingia.
Wiki haikuisha, kiti kikayumba tena.
Sikuuliza.

Wa tatu alikaa saa mbili nzima asigundue kitu.
Huyo hata jina mama hakumuuliza.

Msinielewe vibaya. Hakuwahi kunikataza.
Mama yangu huacha sentensi wazi kama dirisha,
baridi inaingia yenyewe.
Nilihamia Tbilisi, nikadhani nimemwacha stesheni
na mfuko wake wa jozi.
Lakini mezani kwa watu, mwanaume akimega mkate,
namhesabia tonge. Akichelewa kujibu,
ulimi wangu unagonga meno, tk,
na mlio ule si wangu.

Vazha sikumleta. Miezi kumi na minne sikumleta.
Alinifuata mwenyewe, Januari, tulipofiwa na jirani,
akaingia na theluji mabegani.
"Kaa hapo, baba, pana mwanga."
Hakukaa. Alikipindua kiti taratibu
kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala,
akapitisha kidole gumba mguuni, akaniita kwa macho.
Mti haukuoza. Mti haukuvunjika.
Ulikatwa kwa msumeno, nusu kidole, mkato safi.
Ukiona vyaelea, vimeundwa.
Ukiona vyayumba?

Nyundo ilinyamaza.
"Baba yako alikikalia miaka kumi na mmoja," mama akasema,
"kikiwa kizima. Akala, akashiba, akaegemea.
Akainuka hapo hapo kwenda Batumi kununua viatu."
Akapapasa bakuli kutafuta jozi nyingine. Zilikwisha.
"Sikutaka mwingine astarehe hivyo."

Hakuna aliyesema neno. Vazha alikirudisha kiti chini.
Mimi ndiye niliyekikalia,
kwa uchovu tu, sikukusudia lolote,
na hakikuyumba.
Uzito wangu ulishajipeleka kushoto wenyewe,
kisigino cha kulia juu kidogo, kiuno kimekaza,
kama nilivyokaa kila asubuhi tangu darasa la tatu
nikinywa chai kabla ya shule.

"Ndivyo unavyokaa kila mahali," Vazha akasema.
"Hata kwangu. Hata ukingoni mwa kitanda.
Nilidhani ni mgongo."